Buti na jaketi za mitumba: zipime sokoni kabla mlima haujakupimia

MgumuMstaafu (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu inajaa swali moja: "Kaka, ninunue buti gani?" Nusu ya wanaouliza ni vijana wanaotaka kuanza kubeba mizigo mlimani, nusu ni Watanzania wenzetu wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro kuelekea sikukuu ya Uhuru, Desemba 9. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, atakayeniuliza tena namtumia kiungo.

Nilikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, kwa miaka tisa, sasa ni mwongozaji msaidizi. Sina duka na sijalipwa na mtu. Karibu kila nilichovaa mlimani nimekitoa Memorial au Kiboroloni kwenye mitumba, kwa hiyo mwenye hela ya kuagiza Ulaya anaweza kupita tu.

Nianze na aibu yangu. Msimu wangu wa pili niliokota buti Memorial asubuhi, belo limefunguliwa mbele yangu. Ngozi safi, kamba bado ngumu, chini ile alama ya njano ya soli za Vibram haijakwaruzika hata kidogo. Muuzaji akaniapia: "Hii haijavaliwa hii, mzungu aliiweka kabatini tu." Alikuwa anasema kweli, na kweli yake ndiyo iliyoniponza. Nikatoa elfu sabini, nikatamba nayo kijiweni wiki nzima.

Siku ya kwanza, geti la Machame hadi kambini, poa. Siku ya pili Shira, poa. Siku ya tatu tumeshapita Lava Tower, juu ya mita 4,600, tunateremka kwenda Barranco huku mvua imechanganyika na barafu, nasikia mguu wa kulia unapiga pwa, pwa, kama kandambili. Kuangalia chini, soli imeachia kuanzia kisigino, inaning'inia kwenye ncha. Nikaivuta, ikatoka yote mkononi. Kati ya ngozi na mpira kulikuwa na kitu kama keki ya juzi. Nilipokifinya kikasagika unga. Haikupita nusu saa, wa kushoto nao ukafuata. Nilivifunga kwa kamba ya hema nikaingia kambini navuta miguu, na kesho yake kulikuwa na ukuta wa mwamba wa Barranco unanisubiri. Mpishi akaniazima raba zake saizi 41. Mimi navaa 43. Kucha mbili zilibaki huko.

Fundi viatu mmoja mzee pale Moshi ndiye aliyenieleza. Buti nyingi za mlimani, kati ya ngozi na mpira wa chini, zina sponji ya poliyurethani. Inapendwa kwa sababu haibonyei haraka hata ukibeba mzigo. Adui yake ni unyevu wa hewani, unaoikatakata taratibu toka ndani, uivae usiivae. Kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 10 tangu itoke kiwandani inaanza kuchoka. Sasa chukua buti iliyokaa kabatini miaka minane, ikapigwa belo, ikasafiri ndani ya kontena lenye joto wiki kadhaa. Inakufikia imependeza kama bi harusi, ndani imeoza. Ndiyo maana siku hizi sikimbilii ambayo haijavaliwa. Iliyochakaa kidogo, na bado imeshika, kuna mtu ameshanipimia.

Sokoni nafanya hivi. Naibana sponji ubavuni kwa ukucha wa gumba. Ikiwa hai inabonyea na kurudi. Ikiwa imekufa, alama ya ukucha inabaki au inatoa vumbi. Halafu naikunja buti kwa nguvu zote na kutazama mstari ambapo sponji inakutana na mpira: nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, naiacha hata kama ni elfu tano. Mwisho naipigiza kisigino chini mara kumi. Wauzaji wananijua, kuna wawili wananifukuza wakiniona tu. Na fungua ulimi wa kiatu, mara nyingine ndani kuna kikaratasi cha saizi chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Raba nyepesi za kutembelea nyingi zina sponji ya aina nyingine, EVA. Hiyo haisagiki namna ile, inabonyea tu na kuwa ngumu. Kwa mgumu mwenye mzigo wa kilo 20 (ndiyo kikomo cha hifadhi, mkizidishiwa mseme pale getini kwenye mizani) bado napendelea buti inayoshika kifundo cha mguu, ila raba iliyo hai naichukua mbele ya buti iliyokufa.

Saizi: pima jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa umevaa soksi nene utakazopandia. Simama kwenye ngazi ukitazama chini, piga teke la mbele taratibu. Kidole kikigusa, sio yako. Watu wanawaza kupanda, lakini kucha zinaliwa kwenye kushuka. Siku ya kilele unatoka Uhuru, mita 5,895, na jioni hiyo hiyo wengi wanalala kambi ya Mweka kwenye kama mita 3,100. Karibu mita 2,800 vidole vinagonga ukuta wa mbele wa kiatu.

Nguo nitaweka nikipata nafasi, betri inakata.

MzeeYeboyebo

Vijana wa siku hizi mnapenda makuu. Sisi tulibeba na yeboyebo na koti la babu, tukarudi salama. Gia ni biashara ya wazungu.

MgumuMstaafu

Mzee shikamoo. Waliorudi ndio wanaosimulia. Nimewahi kumteremsha kijana usiku toka kambi ya Karanga, kaloa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Kumbe pale alikuwa na nafuu. Kilichonitisha ni alipoacha kutetemeka na kuanza kuongea kama mlevi, anataka kukaa chini apumzike. Alikuwa amevaa fulana ya pamba na jinzi. Hakuna mzungu aliyemuuzia zile.

Na kwa wasiojua: KPAP, mradi wa kusaidia wagumu, pale Moshi wanaazimisha wagumu nguo za mlimani bila malipo. Unaazima, unarudisha. Hakuna sababu ya kupanda na jinzi.

Jamaa_wa_NaroMoru

Niaje wadau, salamu kutoka upande wa Mlima Kenya. Hiyo hadithi ya soli naijua sana, imenipata nikiwa na wageni wawili wa kutoka Ujerumani. Mimi hununua soko la Gikomba, Nairobi, ile ya kamera (mitumba ya daraja la kwanza), lakini kamera si hoja, soli ni soli.

Niongeze kitu. Njia yetu ya Naro Moru ina lile bwawa la matope la kupanda mlima, na huko sivai buti za bei. Navaa gambuti hadi matope yaishe, buti zinakuja kavu kwa begi, nabadilisha juu. Wageni hucheka, baada ya saa moja wananiuliza kama kuna gambuti ya saizi yao.

Kasese_Juu

Huyo wa Naro Moru amesema ukweli. Huku kwetu milima ya Rwenzori, Uganda, gambuti ndiyo buti yenyewe, siku kadhaa mfululizo ni matope na majani yaliyoloa, unazivua karibu na barafu ya kilele cha Margherita, unavaa buti zenye meno ya chuma, ukishuka unarudia gambuti. Siri yake ni soksi. Gambuti haipumui, kwa hiyo mguu unaloa kwa jasho hata kama hakuna tone lililoingia. Pea mbili za sufu (manyoya ya kondoo), moja mguuni, moja imekaa kiunoni chini ya shati inakauka kwa joto lako. Jioni unabadilisha. Na uchague yenye shingo inayobana, si ile pana ya shambani, matope yanakuvua.

Binti_Kibosho

Kaka MgumuMstaafu, mimi napanda Desemba na wenzangu wa kazini, njia ya Marangu. Nina laki mbili na nusu tu ya vitu. Nikodi nini, ninunue nini? Na hiyo fulana ya pamba imefanya nini jamani, mbona ndizo ninazo zote 😅

MgumuMstaafu

Dada, Moshi wanakodisha karibu kila kitu. Begi la kulalia na jaketi zito la manyoya ya bata kodi, hutavitumia tena hadi mwakani. Buti na soksi usikodi. Mguu wako na buti vinatakiwa vizoeane, angalau wiki tatu za kwenda nazo sokoni, kazini, kanisani wakucheke. Lengelenge linaloanza kambi ya Mandara litakutesa hadi kambi ya Kibo.

Pamba sasa. Pamba inakunywa maji na haiachii. Ukipanda msituni unatoka jasho, fulana inaloa, ukisimama tu upepo unakuja kukuchukulia joto kupitia ile fulana. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Moshi iko kwenye nyuzi 30 mchana, kilele kiko mita 5,000 juu yake. Hapo bado hujaweka usiku, na hujaweka upepo.

Ya kugusa ngozi iwe ya poliesta (jezi ya mpira inafaa kabisa, sitanii) au ya sufu. Sokoni lebo mara nyingi zimekatwa, kwa hiyo naomba muuzaji nichomoe uzi mmoja kwenye pindo naunguza kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na moto unakufa wenyewe. Poliesta inayeyuka, inabaki kishanga kigumu cheusi. Ukiona kishanga, chukua. Ila usikae nayo karibu na jiko, hicho kishanga kitakuwa mkononi mwako.

Juu yake sweta la manyoya ya plastiki (fleece), hata la elfu nane. Juu kabisa jaketi la mvua. Na hapa ndipo watu wanapigwa, kwa sababu wanasoma jina kifuani. Ligeuze ndani nje. Ukikuta utando mweupe unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, au linanata, au lina harufu ya kuchachuka, limekufa, hata liwe la jina kubwa la Gore-Tex. Angalia kama kanda za kuziba mishono zote zimeshika, hasa mabegani na kwenye kofia. Bana kitambaa mdomoni upulize: hewa ikipita kirahisi, upepo wa kambi ya Barafu nao utapita.

Nyumbani, lining'inize, lilaze bega kwenye beseni, mimina kikombe cha maji, subiri dakika kumi. Matone yakisimama kama kwenye jani la mgomba, safi. Kitambaa kikigeuka rangi na kulowa juu lakini ndani kukavu, usilitupe, limechafuka tu na dawa yake ya juu ya kufukuza maji imelala. Lifue kwa sabuni ya maji kidogo, suuza mara tatu nne, usiweke ile ya kulainisha nguo, likikauka lipige pasi ya vuguvugu juu ya taulo, bila mvuke. Joto linaiamsha ile dawa. Wenye pasi ya mkaa muwe waangalifu, mimi nilishatoboa moja.

Kitu kimoja kwa wagumu ambacho madukani hawakijui. Sisi tunabeba kichwani. Maji yanatiririka toka kwenye mzigo yanaingia shingoni, na kofia ya jaketi haitaki kukaa na ngata. Nimejaribu jaketi tatu kwa safari nne za Machame. Lililonifaa ni la bei ndogo kuliko yote, kwa sababu kola yake ni ndefu, inafungwa zipu hadi kidevuni, nikaweka ngata juu ya boshori na kofia ya jaketi nikaikunjia ndani. Lile la kifahari lenye kofia kubwa lilinigeuka bomba la maji.

Na mgumu na mgeni hawavai sawa. Mgeni anatembea pole pole, anafika mkavu. Wewe unakimbia mbele ufunge hema, unafika umelowa jasho, halafu unatumwa maji. Fulana kavu iwe juu kabisa kwenye begi lako, ibadilishe kabla hujagusa hema. Zamani tulikuwa tunavaa rambo mguuni ndani ya buti iliyoloa, tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, na hata hivyo ilikuwa inachemsha mguu. Soksi kavu za kulalia zinatosha, na ziwe za kulalia tu.

Ndorobo_wa_Rungwa

Mmezungumza mlima, nipeni nafasi niseme ya porini. Mimi ni traka (mfuata nyayo za wanyama) kwenye vitalu vya uwindaji, msimu ukifunguliwa Julai hadi Desemba niko huko. Yote aliyosema mwenye uzi kuhusu jaketi, kwetu yageuze.

Kwetu pamba ndiyo mfalme. Poliesta na nailoni zinapiga kelele. Chukua jaketi la mvua, lisugue na tawi la mgunga, usikie: krrrsh. Nyati yuko mita sitini amelala kivulini, ameshasimama. Kabla ya kununua suruali mimi naikwaruza kwa ukucha karibu na sikio. Nikiisikia vizuri, na yeye ataisikia. Pamba nzito ya kaki iliyofuliwa mara nyingi, basi. Vifungo badala ya ile kanda ya kunata (velcro) inayochanika kwa kelele. Kamba ya bunduki ifungwe kitambaa pale chuma kinapogonga.

Rangi: msivae nyeusi wala bluu iliyoiva. Mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, na ni kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa na mgeni alikuja na suruali ya bluu ya bei kali, kwenye gari peke yake aliumwa kuliko sisi wanne. Kaki, kijani kilichopauka, udongo. Na isiwe nyembamba, ndorobo anapitisha mdomo.

Mabakamabaka achaneni nayo kabisa. Mitumba imejaa kombati za nje na mtu anaona ndiyo nguo ya porini. Agosti 2023 jeshi letu la JWTZ lilitoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na sare zake. Mgeni wako akija nazo, mwambie aziache kwenye begi tangu uwanja wa ndege.

Kaptula inapendeza kwenye picha. Pita nayo kwenye upupu uliokauka mwezi wa nane halafu uje utuambie.

Miguu: buti ngumu ya mlimani porini ni adui, huwezi kuhisi kijiti kabla hakijavunjika. Nimetembea miaka na katambuga, mwiba haupiti kwenye tairi, lakini kando uko wazi na mchanga moto unaingia. Sasa navaa buti fupi ya ngozi laini, soli nyembamba ya mpira isiyo na meno marefu. Meno marefu yanabeba tope na mawe, yanakwaruza kwenye mwamba. Nikiijaribu natembea usiku nyuma ya nyumba kwenye majani makavu ya mwembe, mke wangu yuko barazani. Akiniita jina kabla sijamfikia, buti imefeli.

Binti_Kibosho

Nimecheka hapo kwa mke 😂 Na darubini je? Baba yangu anataka ya kuangalia ndege shambani, dukani wanamwambia namba kubwa ndiyo nzuri.

Ndorobo_wa_Rungwa

Namba kubwa ndiyo inayouzwa. Ukiona 8x42, ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5 na ushei, huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. 10x42 inakupa 4 na ushei, kwa hiyo alfajiri na magharibi, wakati wanyama na ndege wanapotoka, ni giza zaidi, na mkono ukitetemeka kidogo picha yote inaruka. Zile za mtaani zilizoandikwa 30x60 ni kichekesho. Mzee anunue 8x42, na aijaribu saa kumi na mbili jioni nje ya duka. Mchana kila darubini ni nzuri.

Kwa wageni wa bunduki la muhimu kuliko nguo ni magongo matatu ya kuegemezea bunduki. Mgeni anafika na bunduki yake ya .375, ndiyo kipimo cha chini kwa nyati, amezoea kufyatua amekaa mezani. Huku hakuna meza. Afanye mazoezi amesimama, na kinga ya masikio asiisahau. Mimi gia yangu ya thamani ni kisoksi cha mtoto kimejaa majivu. Nakitikisa, naona upepo unakwenda wapi. Mengine yote juu yake ni bure kama upepo uko mgongoni.

MzeeYeboyebo

Kisoksi cha majivu nakikubali.

Jamaa_wa_NaroMoru

😂😂 Mzee amepata gia yake.

Binti_Kibosho

Mrejesho wadau. Jumamosi nimeenda Kiboroloni na kiberiti mfukoni. Buti ya kwanza, ngozi kahawia nzuri sana, nikaweka ukucha, alama ikabaki. Muuzaji akasema "dada unaharibu mali". Nikakunja, ikalia kama mkate mkavu, akanyamaza mwenyewe. Ya tatu nikaichukua, elfu hamsini na tano, imechakaa kisigino upande wa nje lakini sponji inarudi. Jezi mbili, elfu sita. Jaketi nimepata la kijani, nimelimwagia maji kwenye beseni jana usiku: bega kavu, ila kwenye mshono wa kwapa kuna unyevu kama wa kidole kimoja. Nilirudishe?

MgumuMstaafu

Usirudishe. Ligeuze, utakuta kanda imenyanyuka hapo kwapani. Ipige pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, ibonyeze na chini ya kijiko mpaka ipoe. Ikikataa, fundi wa mahema anayo gundi ya mishono. Halafu rudia beseni.

Buti hiyo iliyolika nje kisigino inaonyesha mwenyewe alikuwa anakanyagia nje. Kama wewe unakanyagia ndani itakusukuma goti. Kesho tembea nayo toka Kibosho hadi Moshi mjini, kwa miguu, soksi ulizonunua, na chupa mbili za maji mgongoni. Ukifika, vua, piga picha ya nyayo na soksi, weka hapa.

Binti_Kibosho

Kesho ni Jumatatu kaka, nina kazi.

MgumuMstaafu

Amka saa kumi.